Dogo na "Ndiyooo Mwalimu!"

Juzi nimemwuliza mdogo wangu wa darasa la tatu, 12 gawanya kwa 3. Kimya! Ati darasani wakiulizwa "Mmeelewa?" naye huitikia "Ndiyooo!" na wenzake. Mwalimu atamjuaje kwenye umati ule?

Kule Tanga, 2017 hadi 2019, shindano la Global Learning XPRIZE liligawa tableti za Kiswahili kwenye vijiji kama 170. Watoto wengi hawakuwahi kukanyaga shule. Ukikosea, mashine inakusubiri, haikuchapi wala haikucheki! Kitkit School na onebillion ziligawana ushindi.

Basi, jioni namwachia dogo simu yangu yenye programu ya hesabu (kioo kimepasuka, tusichekane). Jana kaniambia, "Kaka, nimekosa mara sita." Hakuona hata aibu.