Mambo ya Nyumbani: Kufupisha Mapazia

Watu wengi wanunuapo mapazia huona kwamba yamezidi urefu wa madirisha yao. Pazia liburutalo sakafuni hushika vumbi na unyevu, likachakaa upande wa chini kabla ya wakati wake. Kulifupisha hakuhitaji fundi wala cherehani. Yatosha sindano, uzi wa rangi ya kitambaa, pini, mkasi na utepe wa kupimia.

Linalotangulia si mkasi, bali ni maji. Kitambaa cha pamba hurudi kikifuliwa, na aliyekata kabla ya kufua aweza kuona pazia lake halifiki tena chini ya dirisha. Basi pindo la zamani lifumuliwe, pazia lifuliwe, likauke, lipigwe pasi.

Kisha litundikwe mahali pake, lipimwe kutoka juu hadi litakapokomea. Ikiwa ni inchi 54, ziongezwe inchi 4 za pindo, likatwe kwa inchi 58. Likunjwe inchi 1, kisha inchi 3, lishikizwe kwa pini na kutundikwa tena ili litazamwe kama liko sawa. Wakati wa kushona, sindano iguse nyuzi mbili tatu tu za upande wa mbele, mshono usionekane.

Lakini karani ambaye huenda akahamishwa asikate kamwe. Urefu wote uliozidi na aukunje kwa ndani, kwani nyumba aendako yaweza kuwa na madirisha marefu zaidi. Kilichokunjwa hukunjuliwa, kilichokatwa, majuto yake ni mjukuu.