UCHAMBUZI: Sambaza wa Rubona na swali la nani anamiliki baridi

Alfajiri mitumbwi inapotia nanga Rubona, kusini kidogo mwa mji wa Gisenyi, samaki waliomo ni wazima na wanang'aa. Saa chache baadaye, bei yao huwa imeanza kushuka. Kinachoipunguza si wingi wa samaki peke yake. Ni joto.

Kila jamii iliyowahi kutafuta kitoweo mbali na nyumbani imekutana na tatizo hili. Mwindaji aliyeangusha mnyama safari ya siku mbili kutoka kijijini alilazimika kumbanika kwa moshi, kumtia chumvi au kumkausha, kwa kuwa hakuwa na njia ya kupunguza joto la nyama. Nchini Rwanda uwindaji umepigwa marufuku, tofauti na Tanzania, ambako kanuni za mwaka 2020 ziliruhusu mabucha ya nyamapori yenye leseni. Lakini kwenye Ziwa Kivu kuna watu ambao kila usiku huenda mbali kutafuta mawindo ya majini, na suala la nyama na joto bado ni lao.

Usiku mmoja wa kazi

Sambaza si mwenyeji wa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, akazoea maji haya yaliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,460, na leo ndiye tegemeo la wavuvi wa kandokando ya ziwa. Huvuliwa gizani. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, taa huwashwa juu ya maji, samaki huufuata mwanga, na wavu huinuliwa mara kadhaa hadi karibu na mapambazuko. Mbalamwezi ikiwa kali, kazi huwa haba, kwa sababu mwanga wa taa hupoteza mvuto wake.

Maana yake ni kwamba samaki wa mvuo wa kwanza hukaa ndani ya mtumbwi kwa saa nyingi kabla ya kufika nchi kavu. Hewa ya usiku ya Rubavu, yenye nyuzijoto 15 hivi, huwasaidia. Jua la asubuhi huwadhuru. Wataalamu wa samaki wana kanuni ya kukadiria kasi ya kuoza: samaki aliye kwenye nyuzijoto 25 huharibika takriban mara 12 kuliko aliye kwenye barafu, yaani nyuzijoto sifuri. Kwa hesabu hiyo, saa mbili juani hula siku nzima ya uhai ambao samaki huyo angekuwa nao ndani ya barafu. Aliyechelewa kununua barafu hadi saa tatu asubuhi ameshapoteza sehemu kubwa ya alichotaka kukilinda.

Jua halitoshi

Jibu la kawaida ni kuanika. Ni jibu la heshima: halihitaji umeme, na sambaza mkavu husafiri mbali. Lakini lina gharama zake. Sehemu kubwa ya uzito wa samaki mbichi ni maji, hivyo kilo tatu au nne hubaki kilo moja. Isitoshe, nchi hii ina misimu miwili ya mvua, mmoja kuanzia Machi hadi Mei na mwingine kuelekea mwisho wa mwaka. Siku ya mawingu, samaki aliyeanikwa huoza kabla ya kukauka.

Kwa hiyo mfanyabiashara wa Rubona hubaki na njia tatu: auze upesi kwa bei atakayopewa, aanike na kuomba jua, au awe na barafu. Ya tatu peke yake ndiyo inayompa nafasi ya kukataa bei mbaya. Hapa ndipo suala la baridi linapoacha kuwa la ufundi na kuwa la uchumi. Mwenye baridi ana muda, na mwenye muda ndiye anayepanga bei.

Mpaka unalidhihirisha jambo hili kuliko soko lolote. Goma iko jirani, na kwa miaka mingi wanawake wa Rubavu wamevuka na mabeseni ya bidhaa kichwani, wakizungumza Kiswahili kinachoeleweka pande zote mbili. Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa sababu ya janga la Covid-19. Januari 2025 vita vilifika Goma kwenyewe, wakati waasi wa M23 walipoutwaa mji huo. Mwenye gunia la maharage huweza kungoja njia ifunguliwe. Mwenye beseni la sambaza hana kesho.

Baridi imefuata nani?

Si kweli kwamba Rwanda haijui kutunza baridi. Mwaka 2021 ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kutumia chanjo ya Pfizer, iliyohitaji kuhifadhiwa kwenye nyuzijoto 70 hivi chini ya sifuri. Mwaka 2019 ilizindua mkakati wa taifa wa upozaji. Na jina la mji wake mkuu limo katika mapatano ya Oktoba 2016 ya kupunguza gesi za majokofu zinazoongeza joto la dunia, yanayojulikana kama Marekebisho ya Kigali.

Wala nishati haiko mbali. Chini ya maji ya Kivu kuna gesi ya methani. Tangu miaka ya 1960 ilivutwa karibu na Rubona kwa matumizi ya kiwanda cha bia, na mtambo wa KivuWatt wilayani Karongi, wenye uwezo wa megawati 26, ulizinduliwa mwaka 2016. Ziwa linalotoa samaki linatoa umeme pia.

Tatizo ni kwamba baridi hufuata mnunuzi tajiri. Ziwa Victoria ni ushahidi. Sangara alipopata soko la Ulaya, boti za kukusanya samaki zilianza kubeba barafu hadi visiwani, na vikwazo vya Umoja wa Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1990 viliwalazimisha wenye viwanda kuboresha usafi. Dagaa, chakula cha wenyeji wa ziwa hilohilo, aliendelea kuanikwa mchangani. Vivyo hivyo, samaki wa kugandishwa kutoka China huuzwa Kigali baada ya safari ya maelfu ya kilomita, huku sambaza wa umbali wa kilomita 150 hivi akiwa na hatari ya kuharibika kabla ya jioni.

Kinachowezekana

Hesabu ya barafu si kubwa. Kupoza kilo moja ya samaki kutoka nyuzijoto 25 hadi sifuri huyeyusha takriban robo hadi theluthi ya kilo ya barafu. Kwa kuwa joto la nje huendelea kupenya, kanuni ya nchi za joto ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Sanduku lenye kuta nene za povu hupunguza mahitaji hayo, na linaweza kubebwa mtumbwini tangu magharibi, ili ubaridi uanze pale samaki anapotoka majini badala ya kungoja ufukweni.

Swali gumu ni la umiliki. Mtambo wa barafu ukiwa wa tajiri mmoja, wavuvi watakuwa wamebadilishiwa bwana tu, kwani badala ya kuogopa jua watamwogopa mwenye barafu. Nchini Nigeria, kampuni ya ColdHubs hukodisha nafasi ndani ya vyumba baridi vya umeme wa jua kwa kreti na kwa siku, ili mchuuzi asiye na mtaji wa jokofu alipie alichotumia tu. Chama cha ushirika cha wavuvi kinaweza kufuata mfano huo kwenye gati, mradi mtambo uwe wazi alfajiri na bei ya barafu ijulikane na kila mtu.

Pana tahadhari moja. Kila mwaka, kwa kawaida kuanzia Agosti, uvuvi wa sambaza husitishwa kwa takriban miezi miwili ili samaki wazaane. Baridi inayorahisisha uuzaji inaweza pia kuchochea tamaa ya kuvua zaidi. Faida yake halisi isipimwe kwa tani zinazotolewa ziwani, bali kwa samaki wangapi kati ya waliokwisha kuvuliwa wanafika mezani.

Kipimo hicho kingempa mama anayeuza kwa beseni nafasi ambayo hajawahi kuwa nayo: kuambiwa bei asiyoitaka asubuhi, kufunika sanduku lake, na kungoja mnunuzi wa mchana.