Unadaiwa, Lakini Theluthi Ni Yako

Vijana wa Kericho na Bomet, na nyinyi mlio mbali lakini mama au mzee bado anachuna chai huku.

Mwisho wa mwezi umefika. Kuna mtu ataangalia mshahara wake, apate imebaki elfu mbili, na atanyamaza. Anadaiwa, kwa hivyo anaona aibu hata kuuliza hesabu. Mimi nasema aulize.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inasema makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Yote: NSSF, SHA, ada ya nyumba, Sacco, benki, hata pesa ulizokopa kwa kampuni. Ukipata 15,000, mwajiri asikate zaidi ya 10,000. Ile 5,000 ni ya unga na karo. Deni halijafutwa, utalilipa, ila litalipwa polepole.

Sasa hapa ndipo wachunaji wanaumia. Mkopo ulipangwa ukiwa na kilo nyingi, tuseme mwezi wa 18,000, makato 6,000. Hapo hakuna shida. Halafu kiangazi cha Januari kinakuja, au mashine inapewa shamba ulilokuwa ukichuna, unapata 8,000. Makato yakibaki 6,000, sheria imevunjwa, kwa sababu theluthi mbili ya 8,000 ni kama 5,330 tu. Hesabu ni ya mshahara wa mwezi huo, si ule wa siku ulipokopa. Ukiona kilo zimeanza kushuka, nenda mapema uombe mpango wa kulipa ubadilishwe.

Tena mwajiri hawezi kumlipa mtu wa nje kutoka mshahara wako kwa sababu tu amepigiwa simu. Lazima kuwe na ombi lako kwa maandishi, au amri ya korti, au sheria inayoruhusu. Ndiyo maana usisaini karatasi ambayo hujasoma, hata kama foleni ni ndefu na karani amekasirika.

Lakini theluthi hiyo haikusaidii kama kadi yako ya benki na namba ya siri viko mfukoni mwa shailoki. Mshahara ukiingia, yeye ndiye wa kwanza kwa mashine. Na riba juu yake, jambo ambalo sihitaji kuwaeleza nyinyi. Nenda benki, ifunge hiyo kadi, uchukue mpya, kisha mkae mzungumze deni mbele ya shahidi. Wenye mikopo ya simu nao, kanuni za Benki Kuu za 2022 zinawakataza kukutisha au kuwapigia watu walio kwenye simu yako ili wakuaibishe.

Kuna kasoro moja. Kifungu cha 20 kinamtaka mwajiri akupe maelezo ya malipo kwa maandishi, lakini kinawaacha nje vibarua na wanaolipwa kwa kilo. Yaani yule anayehitaji karatasi zaidi ndiye amenyimwa! Hilo wabunge wetu waulizwe. Kama mkataba wa chama unawapa karatasi hiyo, itunzeni. Kama hakuna, andika kilo zako kila jioni kwa daftari.

Ukikatwa kupita kiasi, anza na mwakilishi wa chama, kisha afisa wa leba, na Mahakama ya Ajira iko hapa Kericho mjini. Kulalamika si sababu halali ya kufutwa kazi, kifungu cha 46 kinasema hivyo.

Na kamati zetu za misikiti: Suratul Baqara, aya ya 280, inaamuru mdaiwa aliye na dhiki apewe muda, na wenye madeni wametajwa wazi kati ya wanaostahili zaka. Kila Ramadhani tunagawa unga na sukari, vizuri. Mwaka huu tunaomba kila msikiti utenge fungu la kukomboa angalau mchunaji mmoja kutoka kwa shailoki. Majina yaletwe kwa imamu kwa siri, kabla ya Shaaban kuisha.