Baba akiacha nyama, mtoto asinyang'anywe maziwa

Huenda umeshauriwa upunguze nyama nyekundu kwa sababu ya gauti au shinikizo la damu, au umeamua mwenyewe. Sina ugomvi na uamuzi huo. Ugomvi wangu ni pale chakula cha nyumba nzima kinapobadilishwa kwa ajili ya mgonjwa mmoja, nyama ikaondoka na mahali pake pasiwekwe kitu.

Tazama Hirbadaw na vijiji vya jirani, huku Mbulu na Hanang. Mifugo ipo, lakini ng'ombe ni akiba. Hachinjwi kila wiki. Nyumba nyingi hula ugali na mboga za majani, na maziwa yakipatikana. Yaani watu tayari wanakula mimea. Utafiti wa MAL-ED, uliofuatilia watoto tangu kuzaliwa katika nchi nane, ulikuwa na kituo chake cha Tanzania huko Haydom. Ulikuta watoto wengi wamedumaa. Chakula chao kilikuwa mahindi kwa sehemu kubwa, na vimelea vya tumboni viliongeza tatizo. Kwa hiyo kula mimea si kosa. Kosa ni kutegemea mmea mmoja.

Mahindi yana protini, ila yamepungukiwa laisini, kijenzi ambacho mwili hauwezi kujitengenezea. Maharage, mbaazi, kunde, dengu na ngwara zina laisini ya kutosha. Ndiyo maana kande, ambalo wengi tunalikumbuka kama chakula cha bweni, ni mlo wa maana kabisa. Wala si lazima vyote viwe sahani moja. Vikiliwa siku hiyo hiyo inatosha.

Tupige hesabu. Mtu mzima mwenye afya na uzito wa kilo 60 anahitaji kama gramu 50 za protini kwa siku. Gramu 300 za unga wa mahindi zina takriban 24. Gramu 100 za maharage makavu zinaongeza 22, na konzi ya karanga kama 7. Umefika, bila kipande cha nyama. Na mwenye gauti asiogope maharage: tafiti hazijayaona kuwa chanzo cha gauti kama ilivyo nyama nyekundu na pombe. Mwenye ugonjwa wa figo ndiye asibadilishe kiwango cha protini kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Mtoto ni habari nyingine. Wa mwaka mmoja anahitaji kama gramu 12 tu, lakini tumbo lake ni dogo. Kikombe cha uji mwepesi wa mahindi kina gramu 2 hivi. Atashiba maji kabla hajashiba chakula. Kinachonisikitisha zaidi ni desturi ya kumpa mchuzi wa maharage, na maharage yenyewe wakala wakubwa. Protini imebaki kwenye punje! Loweka usiku kucha, mwaga maji, pika mpaka yalainike, ponda, chuja maganda, kisha changanya na ugali laini. Karanga zisagwe, na zenye ukungu zitupwe: sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Soya ikaangwe au ichemshwe vizuri kabla ya kusagwa.

Pamoja na hayo, usimwondolee maziwa, yai au dagaa. Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea tunayokula, na upungufu wake huharibu damu na mishipa ya fahamu. Mama mjamzito au anayenyonyesha ambaye hali kabisa vyakula vya wanyama anahitaji kidonge cha B12, kwa sababu mtoto anategemea akiba yake. Mwambie mhudumu wa kliniki waziwazi unakula nini. Mwambie pia kama unatumia metformini kwa kisukari, maana nayo hupunguza B12 mwilini.

Miguu ya mtoto ikivimba, nywele zikififia rangi na kunyofoka kirahisi, akapooza na kukataa kula, hapo usianze kujaribu unga wa lishe nyumbani. Huo unaweza kuwa unyafuzi. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama kwa macho anaonekana mnene.