Usiniulize kwanza ninasali wapi

Kila ninapoingia kambini na kinasa sauti changu, swali ni lile lile: "Ndugu mwandishi, unasali wapi?" Nikijibu kwamba siamini kuna Mungu, wengine wananyamaza. Mama mmoja aliniuliza: "Sasa mwanangu, nani anakuzuia kutenda mabaya?"

Ni swali la haki. Nikitafuta jibu, nilisoma habari za Wabudha, ambao hawaabudu Mungu muumba. Amri yao ya kwanza ni kutoua. Nikasema, hawa ndio wenzangu. Lakini mwaka 2017 kule Myanmar, nchi yenye Wabudha wengi, jeshi lilichoma vijiji vya Warohingya, ambao wengi wao ni Waislamu. Watu zaidi ya 700 000 wakakimbilia Bangladesh. Baadhi ya watawa walikuwa wamehubiri chuki. Na hapa kwetu, wabeba bunduki wangapi wana majina ya ubatizo?

Hata hivyo, Wabudha wanasimulia habari za Kisa Gotami, mama aliyefiwa na mtoto akamwomba Buddha dawa. Aliambiwa alete mbegu ya haradali kutoka nyumba isiyowahi kufiwa. Alibisha hodi kila mlango, nyumba hiyo hakuiona.

Hapa kambini pia haipo. Basi mama, jibu langu ni hili: kinachonizuia ni machozi yako niliyoyaona. Tusipimane kwa kanisa wala msikiti. Tupimane kwa namna tunavyogawana unga na maji.