Nani Anaimba mu Matete ya Tshangalele?



Mvua za kwanza zikisha kupiga, mwezi wa kumi ao wa kumi na moja, yeyote anayelala karibu na Tshangalele anajua namna usiku unavyojaa kelele. Mutoto anauliza: "Papa, ile inalia kule ni ndege?" Sisi wakubwa tunajibu upesi: "Ni vyura tu, lala." Basi mwezi huu tusiseme "vyura tu". Vijana, chukueni torshi, tuwatafute wale wanaopanda matete na miti. Hao njo unawasikia kila usiku, na hao njo huwaoni.

Kwanza mujue kwamba ziwa hili lilifanywa na watu. Walizuia muto Lufira pale Mwadingusha ili wapate umeme wa migodi, na mitambo ilianza kazi mwaka 1930. Maji yalipanda, yakaenea juu ya bonde tambarare. Ndiyo sababu ziwa halina kina kirefu, na kando zake mahali pengi ni tope, mafunjo na matete. Watu walitafuta umeme, vyura wakapata nyumba.

Sasa utamujuaje chura wa miti? Usianze na rangi, rangi inadanganya. Kuna jamaa kubwa ya vyura wadogo wa matete, wenye elimu wanawaita Hyperolius. Mu jamaa hiyo mutoto na mama wa aina moja wanaweza kuvaa nguo tofauti kabisa: mudogo ni wa rangi ya majani makavu, mama ana madoa ao mistari ya kung'aa. Tena mu jua kali wengine wanageuka weupe. Ukiandika "nimeona aina tatu" kwa kufuata rangi tu, pengine umeona moja.

Angalia vidole. Ku ncha ya kila kidole chura wa miti ana kitu kidogo cha mviringo, sawa kichwa cha musumari, na kwa hicho anashika jani lenye maji bila kuteleza. Yule mwenye vidole vilivyochongoka, pua ndefu na miguu mirefu, anayeruka mara moja na kupotea, ni wa majani ya chini. Na yule munene mwenye ngozi ya vinundu, anayekuja chini ya taa ya barza kula wadudu, naye si wa miti.

Kisha angalia jicho. Hyperolius ana mboni iliyolala. Ukiona chura mudogo anayefanana naye, lakini mboni imesimama sawa ya paka, huyo ni Afrixalus. Ana kazi ya ajabu: anataga mayai juu ya jani, anakunja jani, analigandisha, mayai yanabaki ndani sawa chikwanga mu majani yake. Mwenye mwili munene kuliko hawa, macho makubwa, mboni pia imesimama, ni Leptopelis. Yeye anafukia mayai mu udongo wenye maji, na watoto wanajikokota wenyewe mpaka ziwani. (Mumoja wa jamaa hii amechoka na miti, anachimba shimo na kukaa chini ya udongo. Jina "chura wa miti" lisikufunge sana.)

Mimi ninayemupenda zaidi ni Chiromantis, na huyu unaweza kumutafuta hata muchana. Tazama matawi yanayoinama juu ya maji. Ukiona povu jeupe limening'inia, sawa la sabuni ya kufulia, usidhani ni uchafu. Mama anatoa maji mazito na kuyapiga kwa miguu ya nyuma, sawa mutu anayepiga mayai ya kukaanga, na waume kadhaa wanashikamana naye. Inje povu linakauka, ndani linabaki na maji. Baada ya siku chache watoto wanadondoka ziwani. Kama maji ya chini yamekauka, wanakufa. Mwenyewe ni wa kijivu sawa ganda la muti. Anaweza kukaa juani pale mwenzake angekauka, maana mukojo wake ni muzito, karibu na ule wa ndege, na hivi hapotezi maji.

Kwa usiku, nendeni wawili, saa moja baada ya jua kuzama, nyuma ya mvua. Simameni mbali kidogo mumoja na mwenzake. Sauti ikitoka, kila mumoja aelekeze torshi pale anaposikia: mahali mianga miwili inakutana, chura yuko pale ao karibu. Mutu mumoja peke yake atazunguka tete moja mpaka atakasirika. Ukikaribia atanyamaza, zima torshi, subiri, ataanza tena. Hyperolius wengi pamoja wanalia sawa kengele ndogo nyingi. Ukisikia sawa tone la maji linaloanguka mu mutungi, na lingine likijibu upande wa pili, huyo ni Kassina, mwenye mistari myeusi, anayetembea kuliko kuruka.

Musiingie mu maji: kuna bilarzia, na nyoka wanafuata vyura sawa ninyi. Mukimushika mumoja, mukono uwe na maji safi, bila sabuni wala mafuta, kisha murudishe pale pale. Nawa kabla ya kugusa macho, maana ngozi ya wengine inawasha.

Si sisi wa kwanza kuwatafuta. Kati ya 1946 na 1949 Mubelgiji Gaston-François de Witte aliongoza safari ya kukusanya wanyama mu parki ya Upemba, iliyoanzishwa mwaka 1939. Mwaka 1957 Raymond Laurent alitoa kitabu kizima juu ya Hyperolius na Afrixalus wa mule. Lakini Upemba si Tshangalele. Huku kwetu kuna jambo ambalo vitabu vile havikulitafuta.

Munajua mito ya Likasi inapita wapi. Panda na wenzake wanapita karibu na viwanda, wanamwaga ku Lufira, na Lufira njo inajaza ziwa. Mwaka 2010, na tena mwaka 2016, watafiti walichapisha vipimo vyao: walikuta madini ya shaba, kobalti na mengine mu samaki wa Tshangalele, na kwa mengine walionya juu ya afya ya wanaokula samaki hao. Kwa familia za wavuvi hilo si jambo la mbali, ni chakula cha jioni.

Nasi nyumbani hatuna chombo cha kupima kobalti. Ila chura anakunywa kwa ngozi yake. Mutoto wake anakula vitu vinavyoota mu tope la ziwa, mukubwa anakula wadudu juu ya majani. Kilicho mu maji kinamufikia mapema. Ukimya wa usiku mumoja hausemi kitu: pengine ni baridi, pengine mvua imekosa. Ukimya wa mahali pamoja, misimu miwili ya mvua, wakati upande wa pili wanaimba, huo ni habari ya kupelekea wenye vyombo, ku Universite ya Lubumbashi kwa mufano. Hautaonyesha sababu, utaonyesha mahali pa kupima.

Kwa hiyo kila kundi la vijana liwe na daftari moja. Andikeni tarehe, mahali, kama mvua ilinyesha, sauti gani zilisikika, mapovu mangapi juu ya matawi. Chagueni mahali pawili: pamoja karibu na kinywa cha muto unaotoka Likasi, pengine mbali nacho, na murudi pale pale kila juma. Ninyi wa Kapolowe munaweza kuanzia pale matete yanapogusa njia ya mitumbwi. Wavuvi wanapita pale kila usiku, watawaambia pa kusimama.