Skrini Isiyowaka Ipimwe Kabla ya Kuhukumiwa

Kompyuta mpakato imekwisha kuwa chombo cha kawaida katika ofisi za wilaya, na kwa kazi ya kulinganisha mambo mawili kwa pamoja mtumishi huiunganisha na skrini mbili za nje. Wilayani Kilosa, mathalani, ambako migogoro ya ardhi baina ya wakulima na wafugaji ni ya miaka mingi, mwenye kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji hunufaika sana akiwa na ramani kwenye skrini moja na orodha ya vipimo kwenye nyingine. Skrini ya pili ikikosa picha, humlazimu kubeba namba kichwani kutoka ukurasa hadi ukurasa. Na namba moja ikikosewa, mpaka wa shamba la mtu husogea.

Jambo la kusikitisha ni kwamba, mara nyingi, skrini inapokataa kuwaka hukumu hutolewa kabla ya uchunguzi. Husemwa kwamba kompyuta imekufa, kisha barua ya kuomba nyingine huandikwa. Mazoea haya hayafai kuendelea.

Historia ya Tanzania inalo fundisho. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye juhudi za kuhamishia hesabu za serikali katika kompyuta zilileta vurugu na hasara, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Miongoni mwa sababu zilizotajwa za kushindwa huko ni uhaba wa watumishi wazalendo wenye ujuzi na kuwategemea mno wageni. Marufuku hiyo ililegezwa katika miaka ya 1980. Ni dhahiri kwamba pasipokuwa na watu wa kutafuta kasoro ilipo, chombo kizima hukataliwa.

Kasoro ya skrini ya pili yaweza kufahamika kwa mfano ambao wakazi wa Kilosa na Mikumi wanao karibu. Njia ya reli itokayo Kilosa kupitia Mikumi hadi Kidatu ilijengwa kwa upana wa milimita 1,000. Reli ya TAZARA, ambayo inakutana nayo Kidatu, ina upana wa milimita 1,067. Kwa macho, zote mbili ni vyuma viwili juu ya mataruma. Lakini kwa sababu ya milimita 67 tu, behewa la kawaida la njia moja haliwezi kwenda juu ya nyingine, na mzigo hauna budi kuhamishwa. Mzigo ukisimama Kidatu, hakuna mwenye busara atakayedai kwamba injini imeharibika.

Matundu ya kompyuta nayo ni hivyo hivyo. Tundu la USB-C lina umbo moja, lakini katika kompyuta moja hupitisha umeme, data na picha, na katika nyingine halipitishi picha kabisa. Kebo nyingi za kuchajia zinaingia humo barabara, ila hazina nyaya za kubebea picha. Vivyo hivyo, tundu la HDMI hutoa ishara za kidijitali, na lile la zamani la VGA hupokea ishara za analojia. Kati yake panahitajika adapta ya kutafsiri, na adapta iliyoundwa kutafsiri kuelekea upande mmoja haifanyi kazi ikigeuzwa.

Upo pia mpaka wa uwezo. Skrini yenye nukta 1,920 kwa 1,080, ikichorwa upya mara 60 kwa sekunde, hudai nukta zaidi ya milioni 124 kila sekunde. Skrini mbili hudai maradufu. Kompyuta mpakato za Apple zenye chipu ya M1, zilizotolewa mwaka 2020, ziliundwa ziendeshe skrini moja tu ya nje, ijapokuwa zina matundu mawili. Hapo hakuna kilichoharibika cha kutengenezwa.

Kanuni ya kuchunguza ni ile ile ya maabara: kibadilishwe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Kwanza skrini isiyowaka ipewe kebo na tundu la ile inayowaka. Ikiwaka, skrini ni nzima, na lawama hubaki kwa kebo au tundu. Kisha kebo inayotiliwa shaka ijaribiwe katika tundu lililo zima. Vyote vikiwa salama, yatazamwe mipangilio: je, skrini yenyewe imeelekezwa kwenye tundu linalotumika? Je, kompyuta imeagizwa kutandaza picha katika skrini zote, au kurudia ile ile, au kutumia moja tu? Mwishowe programu endeshi zihuishwe na mashine iwashwe upya. Mwenye kubadilisha kebo, tundu na mipangilio kwa mkupuo huenda akapata picha, lakini hatajua kilichoileta, na kesho atarudi pale pale.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni kazi ya fundi. Ni kweli kwamba kufungua mashine ni kazi ya fundi peke yake. Lakini mashine inayosafirishwa hadi Morogoro au Dar es Salaam kwa kosa la kebo hupoteza siku za kazi na nauli bure, na fundi mwenyewe hurahisishiwa kazi apokeapo maelezo ya yaliyokwisha kujaribiwa.

Hivyo basi, kila ofisi yafaa iwe na kebo moja nzima ya akiba isiyoazimwa, daftari la hitilafu, na utaratibu kwamba ombi la mashine mpya halipokelewi bila matokeo ya majaribio kuandikwa. Vyuo vya ufundi stadi, kama kile cha VETA kilichopo Mikumi, vingeweza kuwafundisha watumishi wa jirani hatua hizo kwa muda mfupi. Gharama yake ni ndogo kuliko bei ya kompyuta moja iliyonunuliwa pasipo sababu, na mwananchi anayengojea ramani ya kijiji chake hatacheleweshwa na waya.